Idadi ya Wanafunzi wa Jaamia: Inavyohesabiwa na Namna ya Kuisoma

Katika nyumba zetu za Oman, ukisema "Jaamia" bila ya kuongeza jina, kila mtu anajua unakusudia Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos kilichoko Al Khoudh, wilaya ya Seeb. Vyuo vyengine vyote hutajwa kwa majina yao. Na kwa kuwa ndiyo Jaamia, idadi ya watoto wanaoingia pale huzungumzwa barazani kama bei ya dhahabu: mwaka huu imepanda, mwaka huu imeshuka, wamepunguza nafasi, wamejaza wasichana. Mara nyingi mazungumzo yote yametokana na tarakimu moja tu ambayo mtu kaiona gazetini au kaletewa kwenye kikundi cha WhatsApp.

Mimi nimekuwa nikizifuatilia hesabu hizi kwa miaka, mwanzo kwa ajili ya watoto wa ndugu zangu, baadaye kwa mapenzi tu ya hesabu. Ninayoandika hapa ni kwa mzazi mwenye mtoto wa darasa la kumi au la kumi na moja, ambaye karibuni atakaa naye mbele ya kompyuta kuchagua masomo. Jambo ninalotaka alijue kabla ya mengine ni hili: jumla ya wanafunzi, ambayo ndiyo hutangazwa sana, ndiyo inayomfaa kidogo kuliko tarakimu zote. Kinachomhusu yeye ni nafasi ngapi zimefunguliwa mwaka ule, katika kitivo gani, kwa wavulana au kwa wasichana, na watoto wangapi wanazigombania.

Kutoka 500 hadi 15,000

Mwaka 1970 Oman nzima ilikuwa na skuli tatu za serikali, Muscat, Matrah na Salalah, zenye wanafunzi wapatao 900, wote wavulana. Wazee wetu waliorudi kutoka Unguja, Pemba, Mombasa na bara katika miaka ya sabini waliikuta nchi ina haja kubwa ya watu waliosoma. Miongoni mwao walikuwamo waliotoka Makerere, Cairo, London na nchi za Ulaya ya Mashariki, na wengi waliingia moja kwa moja mawizarani, hospitali, benki na kwenye kampuni ya mafuta kwa Kiingereza chao. Wakati ule aliyemaliza thanawiya na kutaka kuendelea hakuwa na pa kwenda ndani ya nchi. Alipelekwa Misri, Jordan, Kuwait, Uingereza au Marekani, na waliobaki ni wale ambao hawakupata pa kupelekwa, au wasichana ambao wazee wao hawakukubali wasafiri peke yao.

Sultan Qaboos alitangaza azma ya kujenga chuo kikuu katika sherehe za Siku ya Taifa za mwaka 1980. Ujenzi ulianza 1982, na wanafunzi wa mwanzo, kiasi cha 500 na kidogo, waliingia madarasani mwaka 1986. Vitivo, au kulliya kama wanavyoziita watoto wenyewe, vilikuwa vitano: Elimu, Sayansi, Uhandisi, Kilimo na Tiba. Mwaka wa pili, 1987, kikaongezwa kitivo cha Fasihi na Sayansi za Jamii. Biashara na Uchumi kilifunguliwa 1993, Sheria kikaingia 2006, na Uuguzi 2008. Hivyo ndivyo ilivyofika tisa. Kundi la mwanzo lilimaliza 1990.

Leo Jaamia ina wanafunzi zaidi ya 15,000, na kila mwaka hupokea wapya wapatao 3,000. Ni mara thelathini ya walioanza nao, katika muda wa miaka arubaini. Mtu akisoma hivyo huona mstari unaopanda taratibu kama ngazi ya minara. Haukuwa hivyo. Ulipanda kwa miruko, na baadhi ya miruko hiyo haikuwa na maana ya mtoto mmoja zaidi kupata nafasi ya kusoma.

Chukua mwaka 2006. Masomo ya sheria hayakuanza mwaka huo. Kilikuwapo chuo cha Sharia na Kanuni ambacho kilisimama peke yake tangu miaka ya tisini, na ndicho kilichotiwa ndani ya Jaamia kikawa kitivo chake. Wanafunzi waliokuwa wakihesabiwa huko wakaanza kuhesabiwa huku. Kwenye kitabu cha takwimu Jaamia imekua. Kwenye nchi, wanaosoma ni wale wale.

Maneno manne ya kwenye majaduweli

Takwimu za Oman hutolewa kwa Kiarabu na Kiingereza na Kituo cha Taifa cha Takwimu na Habari, kilichoundwa 2012, pamoja na wizara inayohusika, ambayo tangu 2020 inaitwa Wizara ya Elimu ya Juu, Utafiti na Ubunifu. Kila anayefungua majaduweli hayo atakutana na maneno manne ya Kiarabu, na fujo nyingi ya barazani inatokana na kuyachanganya.

Maqbuluun ni waliokubaliwa, yaani waliopangiwa nafasi. Mustajidduun ni wapya, waliofika kweli na kuandikishwa mwaka wa kwanza. Muqayyaduun ni wote waliomo kwenye daftari la chuo siku ya kuhesabiwa, kuanzia aliyeingia jana hadi yule wa tiba aliye mwaka wa sita. Khirrijuun ni wahitimu.

Watoto husikia maqbuluun, magazeti hupenda muqayyaduun, wazee huchanganya zote mbili, na hakuna anayeuliza khirrijuun. Mimi naona hiyo ya mwisho ndiyo ingeulizwa kwanza, kwa sababu chuo kinachopokea wengi na kutoa wachache kina jambo la kuelezwa.

Tofauti baina ya maqbuluun na mustajidduun inatokana na namna udahili unavyofanyika. Tangu mwaka wa masomo 2006 udahili wote wa nafasi za serikali unapita mlango mmoja, Kituo cha Udahili cha Elimu ya Juu, ambacho watu wanakiita Kabuli al-Muwahhad, yaani udahili wa pamoja. Kilianzishwa 2005. Kabla yake mtoto alikuwa akibeba faili lake na kuzunguka nalo chuo hadi chuo, na mwenye gari na baba mwenye nafasi ndiye aliyefika kwingi. Sasa mtoto anajiandikisha kwenye tovuti kabla ya mtihani, anaorodhesha masomo ayatakayo kwa mpangilio wa mapenzi yake, na matokeo yakitoka anapewa muda wa kubadilisha mpangilio huo. Halafu inafanyika farz, yaani uchambuzi: kompyuta inampa kila mmoja chaguo la juu kabisa ambalo nisba yake ya thanawiya na alama zake za masomo zinalifikia. (Cheti chenyewe sasa kinaitwa Diploma ya Elimu ya Jumla, lakini sijamsikia bibi yeyote akikiita hivyo.)

Farz ya kwanza haimalizi kazi. Mtoto aliyepata Uhandisi Jaamia anaweza kuwa amekubaliwa pia jeshini, au kampuni imempa udhamini, au baba yake ameamua kumpeleka Malaysia kwa pesa zake. Akiiacha nafasi, inakwenda kwa mwengine katika farz ya pili. Kwa hivyo hesabu ya Agosti si hesabu ya darasani. Anayelinganisha waliokubaliwa mwaka huu na walioandikishwa mwaka jana ataona kupanda ambako hakupo.

Hapa pana somo dogo kwa wazee. Mtoto aliyekosa katika farz ya kwanza hajamaliza bahati yake, na najua nyumba ambazo zilitoa pesa za chuo cha binafsi ndani ya wiki moja kwa hofu, kumbe nafasi ikaja wiki zilizofuata. Subirini farz zote, na someni kwanza masharti ya kurudishiwa pesa kabla ya kulipa popote.

Kwa nini jumla inadanganya

Tufanye mfano wa chuo ambacho masomo yake ni ya miaka mitano na kila mwaka kinapokea wanafunzi 3,000. Tuseme hakuna anayeacha wala anayefeli. Jumla yake ni 15,000 na haibadiliki. Mwaka mmoja kikaamriwa kipokee 4,000, na mwaka uliofuata kikarudi kwenye 3,000. Jumla inapanda hadi 16,000 na inabaki hapo kwa miaka mitano, ijapokuwa mlango umesharudi upana wake wa zamani. Mwaka wa sita wale 4,000 wanamaliza, wanaingia 3,000, jumla inashuka hadi 15,000, na watu wanaanza kusema nafasi zimepunguzwa. Nafasi zilipunguzwa miaka minne nyuma, na siku hiyo hakuna aliyesema kitu, kwa sababu jumla ilikuwa juu.

Mfano huu una asili yake. Baada ya maandamano ya Februari na Machi 2011, serikali ya Oman iliongeza kwa maelfu nafasi za elimu ya juu kwa waliomaliza thanawiya mwaka ule, ndani ya nchi na kwa baatha, yaani udhamini wa kusoma nchi za nje. Familia nyingi za kwetu zilipata baatha zao za mwanzo wakati huo, na watoto walikwenda Uingereza, Marekani, Australia na New Zealand. Lakini hesabu haiishii mlangoni. Aliyeingia 2011, ukiweka mwaka wa msingi na miaka minne au mitano ya shahada, anatoka 2016 au 2017. Bei ya mafuta ilikuwa imeanguka tangu nusu ya pili ya 2014, na serikali ilikuwa imebana ajira. Kundi kubwa kabisa la wasomi ambalo nchi ilipata kulitoa likafika sokoni mlango ukiwa umefungwa nusu. Oktoba 2017 Baraza la Mawaziri likatangaza nafasi za kazi 25,000 kwa vijana, na Januari 2018 ukasimamishwa utoaji wa vibali vya kazi kwa wageni katika kazi 87 kwa miezi sita, muda ambao baadaye ulirefushwa. Wasomaji wetu wenye pasipoti za Tanzania na Kenya waliokuwa wakitafuta kazi Muscat mwaka ule wanaikumbuka amri hiyo vizuri. Huenda hawakuwahi kuiunganisha na farz ya 2011.

Ndiyo maana nasema anayetaka kujua hali itakuwaje mwanawe akimaliza asitazame jumla ya leo. Atazame mustajidduun wa kitivo anachokitaka, miaka mitatu minne mfululizo, kisha azungushe hesabu mbele kwa miaka mitano. Hao ndio watakaosimama naye kwenye foleni ya usaili.

Jumla inaweza pia kupanda bila ya mlango kuguswa kabisa. Wanafunzi wakichelewa kumaliza, wakirudia masomo, wakiwekwa chini ya uangalizi kwa alama ndogo, wanabaki kwenye daftari. Chuo kinaonekana kimejaa na kimekua.

Na kuna mwaka wa msingi. Mwaka 2008 Oman ilitoa viwango vya programu ya msingi kwa vyuo vyote: Kiingereza, hisabati, kompyuta na mbinu za kusoma. Anayeingia anafanya mtihani wa kupimwa, na akifaulu anaruka sehemu anazozijua. Kwa hivyo watoto waliokubaliwa siku moja hawaendi mwendo mmoja, mmoja anaanza shahada mara moja na mwenzake anakaa msingi muhula mmoja, miwili au zaidi. Ukitaka kulinganisha mwaka na mwaka, tazama kama jaduweli limewatia wanafunzi wa msingi au limewaacha. Vitivo vya sayansi, tiba na uhandisi vinasomesha kwa Kiingereza, na hapo ndipo wengi wanapopotea katika hesabu, baina ya kukubaliwa na mwaka wa pili. Watoto wetu waliolelewa na Kiswahili nyumbani, Kiarabu skuli na Kiingereza kidogo hawana upungufu wa akili, wana lugha ya tatu ya kuitafuta. Miaka miwili ya mwisho ya skuli ndiyo ya kuitafutia, kabla ya Jaamia.

Vyuo vikiunganishwa

Mruko mkubwa kabisa katika takwimu za vyuo vya umma Oman ulitokea Agosti 2020, na haukuongeza kiti hata kimoja. Kwa amri ya Sultani namba 76 ya mwaka huo, vyuo vya teknolojia na vyuo vya sayansi za matumizi viliunganishwa kuwa Chuo Kikuu cha Teknolojia na Sayansi za Matumizi, chenye matawi Muscat, Nizwa, Ibra, Ibri, Shinas, Al Musannah, Salalah, Sohar, Sur na Rustaq. Vyuo vya teknolojia peke yake vilikuwa saba. Siku moja nchi ilipata chuo kikuu cha umma chenye makumi ya maelfu ya wanafunzi, kikubwa kuliko Jaamia mara kadhaa. Tangu hapo mtu akilinganisha "wanafunzi wa vyuo vikuu vya umma" wa 2019 na wa 2021 bila ya kujua habari hii, atashangaa bure.

Vyuo hivyo vya sayansi za matumizi navyo vina historia inayofaa kujulikana. Asili yao ni vyuo vya ualimu. Katikati ya miaka ya 2000, serikali ilipoona walimu wa kienyeji wameanza kutosha katika masomo mengi, vilibadilishwa kuwa vya teknolojia ya habari, biashara, ubunifu na mawasiliano. Mstari wa wanafunzi wa ualimu ukashuka kwa ghafla. Asiyejua angesema vijana wameuchukia ualimu, na kweli niliyasikia maneno hayo. Uamuzi ulikuwa wa wizara. Baadaye Rustaq ikarudishiwa mafunzo ya ualimu, na wasichana wakamiminika kwa sababu hawakuwahi kuacha kuutaka.

Wenye jamaa Zanzibar wameona jambo kama hili kwenye Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA. Kiliundwa kwa sheria ya 1999 na kuanza kusomesha mwanzoni mwa miaka ya 2000 kikiwa kidogo sana. Katika miaka ya 2010 kilitiwa ndani yake taasisi zilizokuwa peke yao: chuo cha fedha cha Chwaka, cha utalii, cha uandishi wa habari na cha afya. Sehemu ya ukuaji wake ni watoto wapya, sehemu ni vibao vya milangoni vilivyobadilishwa. Chuo kinachomeza vyengine hukua kwa haraka kwenye karatasi, na si ajabu, lakini mzazi anayeuliza nafasi ahesabu vyuo vyote pamoja, kabla na baada.

Wasichana

Hapa ndipo tarakimu zinapouma, na ndipo ninapopokea masuali mengi zaidi.

Wasichana wa Oman wanafaulu thanawiya kuliko wavulana. Si habari ya mwaka mmoja, ni hali ya miaka mingi, na nchi nyingi za Ghuba ziko hivyo hivyo. Kama nafasi zote za Jaamia zingegaiwa kwa nisba peke yake, wasichana wangechukua sehemu kubwa zaidi ya ile wanayoichukua, hata katika vitivo ambavyo watu wanaviona vya kiume. Kwa miaka mingi nafasi za vitivo kadhaa, uhandisi ukiwa mfano unaotajwa sana, zimekuwa zikigaiwa mafungu, la wavulana na la wasichana, na kila fungu likigombaniwa peke yake. Matokeo yake ni kwamba nisba ya mwisho iliyomwingiza msichana huwa juu ya ile iliyomwingiza mvulana. Binti anaweza kukosa kitivo alichokipata kaka yake aliyekuwa nyuma yake kwa alama.

Wenye kutetea utaratibu huu wana hoja: soko la kazi la nje ya mji na kwenye visima vya mafuta, haja ya kutowaacha wavulana wakapotea kabisa katika elimu ya juu, na mabweni, kwa sababu wasichana wanaotoka mikoani wanakaa ndani ya kampasi na vitanda vina idadi yake. Mimi hoja ya vitanda naielewa, kwa kuwa inahesabika. Hoja nyengine sioni kwa nini alipe binti peke yake.

Lakini liwe la haki au lisiwe, mzazi wa msichana lazima alijue hili anaposoma hesabu. Ukiambiwa kitivo fulani kimepokea 300, usifurahi wala usihuzunike mpaka ujue wangapi kati yao ni wasichana. Jumla ya Jaamia kuwa nusu kwa nusu, au wasichana kuzidi, haionyeshi ushindani ulivyo ndani ya kila kitivo. Na usitumie nisba ya mwisho ya binamu yake wa kiume kumpangia binti yako orodha. Mwongozo wa udahili hutolewa kila mwaka na humo huonyeshwa kila programu ni ya jinsi gani na masharti yake ni yepi. Wasichana wenye nisba za juu kabisa wanajua kujaza chaguo la kwanza. Kinachowaponza ni chaguo la nne, la tano na la sita, walizozijaza kwa haraka kwa kuamini hawatafika huko.

Watoto waliokwisha kuzaliwa

Kitu kizuri katika hesabu za vyuo ni kwamba wateja wake wameshazaliwa. Atakayeingia miaka saba ijayo yuko darasa la tano au la sita leo, na anaweza kuhesabiwa.

Katika miaka ya themanini mwanamke wa Oman alikuwa akizaa, kwa wastani, watoto saba na zaidi. Wasomaji wengi wa hapa wametoka kwenye nyumba kama hizo. Watoto hao walifikia umri wa thanawiya tangu mwisho wa miaka ya tisini hadi mwisho wa miaka ya 2000, na ndipo Jaamia peke yake iliposhindwa kabisa kuwabeba. Waliomaliza walikuwa makumi ya maelfu kila mwaka na viti vilikuwa elfu chache. Vyuo vya binafsi vilianza katikati ya miaka ya tisini. Chuo Kikuu cha Sohar, cha mwanzo cha binafsi, kikafunguliwa 2001, na Nizwa na Dhofar vikafuata 2004. Mtu akidhani vilikuja kwa fasheni, atazame umri wa watoto wa wakati ule.

Halafu uzazi ukashuka kwa kasi. Waliozaliwa mwisho wa miaka ya tisini na mwanzo wa miaka ya 2000 walikuwa wachache, na ndio waliomaliza skuli katika muongo uliopita. Mzazi aliyempeleka mtoto Jaamia kwa wepesi mwaka 2018 alikuwa amesaidiwa na hesabu hiyo bila ya kuijua. Kisha wale wengi wa miaka ya themanini wakaoa na kuolewa, na idadi ya vizazi ikapanda tena. Kufikia katikati ya miaka ya 2010 watoto waliozaliwa Oman kwa mwaka walikuwa takriban mara mbili ya wale wa mwanzo wa miaka ya 2000.

Darasa la kwanza huanzwa na miaka sita, na skuli ni miaka kumi na miwili. Mtoto wa 2014 anamaliza thanawiya 2032. Wa 2016 anamaliza 2034. Kama Jaamia itaendelea kupokea 3,000 hivi kwa mwaka, nisba za kuingilia zitapanda tu kwa sababu ya wingi, hata kama watoto hawatakuwa hodari zaidi na mtihani hautakuwa mgumu zaidi. Shinikizo litahamia kwenye matawi ya chuo cha teknolojia, kwenye baatha za ndani ambazo serikali humlipia mtoto katika chuo cha binafsi, na kwenye mifuko ya wazee. Mwenye mtoto wa umri huo ana miaka ya kuweka akiba. Baada ya hapo wimbi litashuka tena, maana vizazi vimepungua tangu mwisho wa miaka ya 2010.

Daftari la nyumbani

Daftari langu mimi lina safu sita tu: mwaka, waliofaulu thanawiya, nafasi zote za serikali zilizotolewa, wapya wa Jaamia, wapya wa kitivo ninachokifuatilia kwa wavulana na wasichana mbali mbali, na wahitimu wa kitivo hicho. Safu ya jumla sikuiweka. Ukigawa wapya wa Jaamia kwa waliofaulu thanawiya unapata kitu ambacho hakuna gazeti linalokiandika, yaani watoto wangapi katika kila mia wanaoingia Al Khoudh, na hiyo ndiyo inayoweza kulinganishwa mwaka kwa mwaka bila ya kudanganywa na wingi wa vizazi.

Familia zenye kipato kidogo na zile zilizo kwenye dhamana ya jamii ziongeze safu moja: nafasi zilizotengwa kwa ajili yao. Zinahesabiwa mbali, zinagombaniwa mbali, na kila mwaka nakutana na watu wenye haki nazo ambao hawakujaza kitu kwa sababu karatasi za wizara zilichelewa. Karatasi hizo zianze kushughulikiwa kabla ya mtihani.

Na kwa walioko Dubai, Abu Dhabi, Doha au Kuwait wenye watoto Waomani wanaosoma skuli za huko: cheti cha nje lazima kipate muadala, yaani kulinganishwa na cha Oman, ndipo mtoto atiwe kwenye farz pamoja na wenzake. Bila ya muadala hayumo kwenye waliokosa wala kwenye waliopata. Hahesabiwi. Kujiandikisha kwa mfumo wa udahili hufanyika masika, kabla ya matokeo, na tarehe haiwangojei wanaorudi Oman wakati wa likizo ya kiangazi.